Fomu za Watu Wengine

Kwa miaka minne Genoveva Sulle aliwapeleka watu chuoni bila yeye mwenyewe kuvuka Babati. Alifanya kazi katika duka la steshenari la mzee Hilary, jirani na stendi ya Mbulu mjini, kwenye meza yenye kompyuta moja, printa moja na kopo la kalamu ambazo nusu yake zilikuwa haziandiki. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vijana walijaa mlangoni na vyeti vyao ndani ya bahasha za kaki. Wengine walitoka Dongobesh, wengine Haydom, wengine walishuka kwa miguu kutoka vijiji vya juu na matope yamewaganda kwenye viatu. Aliwauliza wote maneno yale yale. Namba ya mtihani? Jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa? Barua pepe unayo? Huna, haya tufungue. Chuo gani? Kozi gani?

Baadhi yao walimwuliza, "Na wewe dada, ulisoma wapi?"

"Mimi nimesoma hapa hapa," alikuwa akijibu, akiipigapiga kompyuta begani kama mtu anavyompiga rafiki yake. Wanacheka, kazi inaendelea.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Wiki ile aliyopata barua ya kuchaguliwa chuo kikuu Dodoma, mama yake, Perpetua, alianguka shambani Nambis akapooza upande mzima wa kulia. Baba alikuwa amefariki zamani. Kaka yake, Lukasi, alikuwa na mke, watoto na duka la spea za pikipiki Arusha. Basi Genoveva akabaki. Asubuhi alimwosha mama, akamlisha, akamwacha na jirani yao, Mama Fabiola, akapanda bodaboda kwenda mjini. Jioni alirudi, akambadilisha nguo na kumgeuza. Mama alipoteza karibu maneno yote, ila jina la mwanawe hakulipoteza. Mwezi wa pili mwaka huu akafariki, asubuhi, bakuli la uji likiwa bado mkononi mwa Genoveva.

Watu walikuja, wakakaa matanga, wakaondoka. Lukasi aliondoka siku ya nne kwa sababu ya duka. Nyumba ikabaki na mtu mmoja. Kwa wiki kadhaa Genoveva aliendelea kusonga ugali wa watu wawili, mkono ulikuwa umeshazoea kipimo, na uliobaki akawapa kuku. Kulipokaribia kupambazuka aliamka kwenda kumgeuza mtu ambaye hakuwepo. Akishakumbuka, alibaki amesimama katikati ya chumba, nyayo zake zikipata baridi ya sakafu, hajui arudi kitandani au awashe moto.

Na sasa kila mtu alijua atakachofanya. "Usome unesi," alisema Mama Fabiola. "Mungu amekupa mkono wa kuuguza, wote tumeona." Lukasi alisema hivyo hivyo kwenye simu, tena akaongeza kwamba manesi hawakosi ajira. Wanawake wa jumuiya walilisema baada ya misa, wakimshika mabega. Genoveva aliitikia kwa wote. Moyoni hakutaka kushika tena mwili wa mgonjwa, na kulijua hilo kulimtia aibu, akaona kama anamkana mama yake. Hakuwa na mtu wa kumwambia. Aliyekuwa akimwambia mambo ya namna hiyo, hata alipokuwa hawezi kujibu, alikuwa ni mama.

Jumanne moja ya mwanzoni mwa mwezi wa nane, ukungu ukiwa bado haujaondoka juu ya mikaratusi, akaingia dukani mzee mrefu aliyejifunga shuka jeusi, fimbo mkononi. Nyuma yake alisimama msichana mwenye sweta la shule ambalo mikono yake ilikuwa imeanza kuwa mifupi.

"Shikamoo baba," alisema Genoveva.

"Marahaba. Umeamka?"

"Nimeamka salama."

"Naitwa Gidamis. Tumetoka Balangdalalu jana. Huyu ni mtoto wangu, Loveness. Amemaliza shule hapa kwenu. Tumekuja kuchukua karatasi zake, na mwalimu amesema wewe ndiye unapeleka watoto chuo."

"Sipeleki, baba. Najaza fomu tu."

"Si ukijaza ndiyo anaenda?"

"Ndiyo. Sasa, anataka chuo gani?"

Msichana alimtazama baba yake. Baba alimtazama Genoveva. "Viko vingapi?"

"Vingi sana, baba."

"Basi nitajie kimoja kimoja."

Genoveva alitabasamu akidhani ni utani, kisha akaona kwamba si utani. Nyuma yao foleni ilikuwa imeshaanza kunung'unika. Mzee Gidamis aligeuka, akawaona, akasogea pembeni. "Hawa wana haraka," alisema. "Sisi tutasubiri." Wakaketi kwenye benchi la nje, yeye na binti yake, bila kula wala kusemezana, hadi saa saba mchana, duka lilipopungua watu. Ndipo wakarudi.

Genoveva akamfungulia tovuti ya chuo kimoja cha Mwanza. Akamwonyesha majengo na picha ya wanafunzi waliovaa majoho wakicheka.

"Maji yapo?" aliuliza mzee.

"Kuna ziwa, baba."

"Ziwa nalijua. Nauliza pale anapolala."

"Nadhani yapo."

"Unadhani." Alifikiri kidogo. "Akiumwa, nani anakaa naye?"

"Kuna zahanati ya chuo."

"Zahanati itampa dawa. Mimi nauliza nani anakaa naye."

Genoveva aliitazama ile picha ya majoho. Miaka minne amekaa kwenye kiti kile, na hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Waliuliza ada, waliuliza mkopo, waliuliza kozi ipi ina ajira. Akasema neno ambalo hakumbuki kama aliwahi kulisema mbele ya mteja.

"Sijui, baba."

Mzee hakukasirika. "Hao wote uliowapeleka, hawana simu?"

Simu walikuwa nazo. Kwenye mtoto wa meza kulikuwa na madaftari manne, moja kwa kila mwaka, yenye majina na namba za kila aliyepita pale. Aliziandika kwa ajili ya namba za uthibitisho ambazo vyuo hutuma. Hakuwahi kumpigia hata mmoja kumwuliza kama alifika. Alifungua daftari la mwaka wa kwanza, akapitisha kidole, akampata msichana anayeitwa Violeth, aliyekwenda Mwanza kusomea uuguzi. Akapiga, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

Violeth alipiga kelele ya furaha. "Dada wa steshenari! Bado uko hapo?"

"Niko. Kuna mtu wako hapa anataka kujua habari za chuo."

Akauliza yote kama mzee alivyoyauliza. Violeth alijibu bila kuficha. Maji hukatika, mnachota kwenye tenki. Chumba watu sita. Mwaka wa kwanza alilia karibu kila siku, kisha akazoea. Mwaka jana aliumwa malaria kali, aliyekaa naye kitandani ni msichana wa Kihaya ambaye hata lugha yake Violeth haijui. "Sasa ni kama mdogo wangu," alisema. "Huyo anayetaka kuja anaitwa nani?"

"Loveness. Anatoka Balangdalalu."

"Aniambie siku anayofika, nitamfuata stendi."

Loveness, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametoa sauti, alisema kwa chini, "Mimi nataka hiyo. Ya uuguzi." Baba yake alimtazama kwa muda mrefu.

"Ulikuwa unataka tangu lini?"

"Tangu mama alivyomjifungua mdogo wangu Bura njiani."

Mzee alirekebisha shuka lake begani. Halafu akamwambia Genoveva, "Piga na kwingine. Tusikie na yule ambaye hakuzoea."

Genoveva alipindua daftari la pili. Jicho lake likaangukia jina la kijana wa kwao, Renatus, aliyemjazia chuo cha Dar es Salaam miaka miwili iliyopita. Akapiga. Simu iliita muda mrefu, na ilipopokelewa alisikia jogoo akiwika, na mbali kidogo mtu akimwita mbwa kwa Kiiraqw.

"Renatus, habari za Dar?"

"Sipo Dar, dada. Niko nyumbani Nambis. Niliacha mwaka wa kwanza."

"Mbona hukuniambia? Hata kijijini sijakuona."

"Ningekuambia nini? Sitoki huku shambani." Hakusema kwa hasira. "Kozi ilinishinda. Si wewe uliichagua?"

Genoveva alitafuta kitufe cha kuzima sauti kubwa, mkono ukakikosa. Siku ile ikamrudia yote. Dirisha la udahili lilikuwa linafungwa, umeme ulikuwa umekatika mchana kutwa na kurudi jioni, watu tisa walikuwa wamemzunguka. Renatus alikuwa na machaguo mawili, la tatu tupu. "Weka yoyote, dada," alisema. Naye aliweka hesabu za bima, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha. Machaguo mawili ya juu hakuyapata. Alipata lile.

"Nitakuja kukuona Jumapili," alisema.

"Karibu," alisema Renatus, na simu ikakatika.

Mzee Gidamis alikuwa anaangalia ncha ya fimbo yake. Akauliza, "Na wewe, binti, ulisoma wapi?"

Lile jibu lake la siku zote lilikuwa tayari mdomoni. Halikutoka. "Sikwenda."

"Nani alikukataza?"

Alitaka kusema ugonjwa. Alitaka kusema mama. Aliona akilisema hilo mbele ya mgeni huyu atakuwa amemsingizia marehemu. "Hakuna, baba," alisema.

Mzee alitikisa kichwa polepole. Wakajaza fomu ya Loveness, uuguzi, Mwanza, na machaguo mengine mawili ambayo Loveness mwenyewe aliyasoma, akayauliza, akayachagua, na ilichukua saa moja na nusu. Walipoondoka, Genoveva aliwafuata kwa macho hadi wakapotea upande wa stendi, mzee mbele, binti nyuma, na alijikuta ana wivu, wivu mkavu wa kitoto. Alimwonea wivu msichana kwa sababu ya mtu wa kumwulizia maji.

Jumapili baada ya misa alikwenda kwa akina Renatus. Walikaa kitongoji cha chini, ng'ambo ya korongo. Alimkuta shambani akivuna vitunguu swaumu, peke yake, amekonda, ndevu zimeanza kumtoka ovyo. Genoveva aliinama akaanza kung'oa naye. Walifika nusu ya tuta kabla hajasema.

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Wa nini? Mimi ndiye niliyesema yoyote."

"Na mimi nikaweka yoyote. Ningekuuliza hata swali moja."

Renatus alikung'uta udongo kwenye mzizi. "Unajua, kule nilikaa miezi minne bila mtu kuniita jina langu. Nilikuwa naingia darasani, mwalimu anasema kitu, wote wanacheka, mimi sijui wamechekea nini. Nilikuwa napanda gari hadi mwisho wa ruti, kisha narudi nalo, ili siku iishe. Mitihani ikaja, nikafeli, nikadisko, chuo kikaniondoa."

"Nyumbani ulisemaje?"

Alicheka bila furaha. "Nilimwambia baba chuo kimefungwa kwa muda, kuna ukarabati. Mpaka leo anajua kinakarabatiwa. Kila mwezi ananiuliza kama wamemaliza."

Genoveva hakucheka. Aliendelea kung'oa. Walipofika mwisho wa tuta walikuwa ukingoni mwa korongo, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimekata kipande kingine cha shamba, mizizi ya mti wa parachichi ikaning'inia hewani. Genoveva alisimama akalitazama. Akapima kwa hatua kutoka kwenye mti hadi ukingoni.

"Upande huu mmepoteza zaidi kuliko sisi," alisema. "Kwetu ni kama mita moja na nusu kwa miaka minne. Hapa udongo wa chini ni mlaini, maji yanaingia kwa chini, juu panaonekana pazima, halafu panaanguka kwa siku moja. Mngepanda matete pale kwenye mkunjo, si hapa ukingoni. Hapa mmechelewa."

Renatus alimtazama. "Umejuaje kwenu ni mita moja na nusu?"

Basi akamwambia, na alikuwa hajamwambia mtu. Alipokuwa kidato cha tano, mwalimu wa jiografia aliwapa zoezi la likizo, wapime mmomonyoko nyumbani kwao. Alichimbia vigingi kumi na viwili kwenye ukingo wa shamba la mama, akapima kwa kamba ya katani. Zoezi likaisha, yeye hakuacha. Miaka yote minne ya ugonjwa, mama akishalala mchana wa Jumapili, alitoka na kamba yake akapima, akaandika tarehe, mvua na kipimo kwenye daftari. Ilikuwa nusu saa peke yake katika wiki ambayo mkono wake haukuwa juu ya mtu. Vigingi vitano vilishaanguka. Alichimbia vingine nyuma ya pale.

"Na hilo daftari umempa nani?"

"Nani atalitaka?"

Renatus alichukua debe lake. "Mimi sijui mambo hayo," alisema. "Lakini tangu ufike leo, ni hapo tu umeongea bila kuangalia chini."

Alirudi nyumbani kwa njia ya juu. Jua lilikuwa bado liko, na kutoka kila ua alisikia watu wa Jumapili: redio, watoto, mtu akipasua kuni. Kwake kuku tu. Aliketi kizingitini na lile daftari magotini, akalisoma kuanzia mwanzo kama barua ya mtu mwingine. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili yake mwenyewe. Kesho yake, kabla wateja hawajafika, alifungua madaftari ya dukani akawatafuta waliokwenda chuo cha kilimo Morogoro. Walikuwa watatu. Aliwapigia wote. Aliwauliza kuhusu maji, na hosteli, na udongo. Mmoja hakumkumbuka. Wa pili alikuwa ameshamaliza, yuko Mbeya. Wa tatu, kijana aitwaye Alex, alikuwa anasomea misitu, akamweleza kwa kirefu kuhusu kozi ya udongo na maji, jinsi wanavyochimba mashimo na kushinda ndani yake wakisoma matabaka, viatu vimejaa matope. "Wengi hawaipendi," alisema.

"Mimi naona nitaipenda," alisema Genoveva, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

Alijaza fomu yake siku ya Jumatano. Alizijua kurasa zote. Vidole vilikwenda vyenyewe. Kwenye ukurasa wa nne akakwama. Ndugu wa karibu, jina na namba ya simu. Kwa wengine alipajaza pale kwa sekunde tano. Aliandika 078, kisha tarakimu nyingine tatu, ndipo akaona ni namba ya mama, ile ya simu ndogo ya vitufe iliyokuwa bado ndani ya kabati, imezimwa, imefungwa kwa kitambaa. Alifuta tarakimu moja moja.

Akampigia Lukasi.

"Andika yangu, kwani kuna tatizo?" alisema Lukasi. Nyuma yake pikipiki ilikuwa inaungurumishwa. "Kwa hiyo umeshaamua, unesi wa wapi?"

"Si unesi, kaka. Ni udongo na maji. Morogoro."

"Nini?"

"Sayansi ya udongo."

Pikipiki ilizimwa. "Geno, usome udongo? Babu amelima, baba amelima, mama amelima mpaka akaangukia humo humo. Nani aliyewahi kuusomea?"

"Hakuna. Ndiyo maana shamba linaisha."

Alitegemea agombe. Angegomba wangebishana, na katika kubishana wangekuwa wawili. Lukasi alishusha pumzi tu. "Haya. Wewe ni mtu mzima. Ngoja, mteja amefika." Na akakata.

Genoveva aliandika namba ya Lukasi, kwa kuwa hakukuwa na nyingine, akaituma fomu. Kompyuta ikamwambia maombi yake yamepokelewa. Alikaa akisubiri ajisikie kitu. Msichana mmoja alichungulia mlangoni na bahasha yake ya kaki. "Dada, una foleni?"

"Sina," alisema Genoveva. "Karibu, kaa. Niambie kwanza, wewe unapenda nini?"

Genoveva alichaguliwa Morogoro. Alipomwambia mzee Hilary, yule mzee alivua miwani, akaifuta, akasema atapata wapi mtu wa fomu, kisha akampa rimu nzima ya karatasi za kuandikia. Wiki ya mwisho Renatus alikuja dukani na baba yake. Baba alitangulia, uso umefungwa, hakumsalimia mtu zaidi ya kuitikia shikamoo. Renatus akaomba fomu ya ufundi umeme katika chuo cha ufundi. Alisoma kila mstari mwenyewe. Penye sahihi ya mzazi, baba aliishika kalamu muda mrefu, akatia sahihi, akatoka nje bila neno. "Angalau sasa anajua hakikarabatiwi," alinong'ona Renatus, na macho yake yalikuwa mekundu.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi Genoveva alifunga nyumba. Kuku aliwahamishia kwa Mama Fabiola pamoja na ufunguo. Mama Fabiola aliupokea, akasema tena kwamba angesoma unesi angerudi kufanya kazi hapa hapa wilayani, kisha akalia, akamfungia viazi vya kuchemsha njiani. Stendi hakusindikizwa na mtu. Mama Fabiola alikuwa na msiba kwa shemeji yake, Lukasi alituma ujumbe wa kumtakia safari njema. Basi lilipoteremka kuelekea Babati, abiria wa pembeni yake alikuwa ameshalala.

Alifika Morogoro siku tatu kabla ya tarehe ya kuripoti. Mlinzi wa hosteli, mama wa makamo, alimkagua karatasi zake mara mbili. "Mbona mapema hivyo?"

"Kwetu ni mbali, mama," alisema, maana hakuweza kusema kwamba nyumba ikishafungwa hapakuwa na sababu ya kukaa. Alipewa chumba chenye vitanda vinne vya chuma visivyo na magodoro. Alitandika kanga mbili kwenye kimojawapo, na kwa siku tatu alisikia nyayo zake mwenyewe kwenye korido. Joto lilimchosha. Alikwenda kuona maabara kupitia dirishani, alikwenda kuona mashamba ya majaribio, akaokota donge la udongo, akalivunja kwa vidole. Lilikuwa jekundu, zito, tofauti kabisa na la kwao. Hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Siku ya kuripoti wakaja wote kwa pamoja. Kila msichana alikuja na watu wake: mama, shangazi, mjomba wa kubeba godoro. Chumba kikajaa ndoo, mito, maagizo. Mama mmoja aliyetoka Ifakara alimgeukia Genoveva.

"Wewe ndiye mlezi wa hosteli?"

"Hapana, mama. Nasoma hapa."

"Oo, hongera. Na watu wako, wameshaondoka?"

"Ndiyo," alisema Genoveva. "Wameshaondoka."

Akatoka ili wapate nafasi, akaketi kwenye ngazi za nje. Aliwaona wakiagana mmoja mmoja. Yule mama wa Ifakara alifika getini akarudi kusema kitu alichosahau, akaenda, akarudi tena, safari hii hakusema kitu, alimshika tu binti yake mashavu. Genoveva alitazama mpaka mwisho. Hakuyakwepesha macho yake, na alipoanza kulia hakujificha, kwa kuwa watu waliokuwa wanalia pale walikuwa wengi na hakuna aliyemwona wa ajabu.

Aliporudi ndani, wasichana watatu walikuwa wamelala kimya, nyuso zimeelekea ukutani. Wote walikuwa wadogo kwake kwa miaka mitano au sita. Baada ya muda yule wa Ifakara alijigeuza, akajifuta pua kwa kiganja.

"Dada, wewe umeielewa hii ratiba? Kesho saa mbili tunatakiwa wapi?"

Genoveva aliichukua ile karatasi, akaisoma yote, juu mpaka chini.

"Sijaielewa," alisema. "Unaitwa nani?"

"Natalia."

"Mimi Genoveva. Vaa viatu, Natalia, twende tukaulize."

Wale wengine wawili nao wakainuka kutafuta viatu vyao.